Profesa aliacha mafaili matatu: kisa cha wahariri wanafunzi wa Lubumbashi

Matanga yalipokwisha na viti vya kukodi kurudishwa, wahariri wa jarida la wanafunzi katika kitivo kimoja cha sheria hapa Lubumbashi walibaki na shida ambayo hakuna aliyeitaja makaburini. Profesa wao, mlezi wa jarida kwa miaka mingi, alikuwa amefariki kazi ikiwa katikati. Kwenye kompyuta ya jarida kulikuwa na mafaili yake matatu, na wao walitaka kuyatumia katika toleo maalumu la kumkumbuka. Kila aliyeulizwa alisema wazo ni zuri. Maneno yalianza pale ilipoulizwa nani atie sahihi ya ruhusa.

Waliniletea mimi karatasi zote kwa kuwa ni wakili na niliwahi kuwa mhariri wa jarida hilohilo. Majina ya watu nayaacha, na la chuo pia. Familia imeniruhusu kueleza mambo, si kuwataja.

La kwanza ni silabusi, yaani maandishi ya mihadhara yote, ya somo la mali na mirathi. Ilipigwa chapa na wanafunzi wa vizazi mbalimbali, kila promosheni, yaani kundi la mwaka mmoja, ikisahihisha makosa ya waliotangulia na kuingiza ya kwake. Ukienda kwenye vibanda vya fotokopi karibu na chuo utaipata imebanwa kwa waya wa plastiki, na nyuma yake majibu ya mitihani ya zamani. Hayo majibu Profesa hakuyaandika, na kwa ninavyomjua, mengine asingeyapa hata kumi kwa ishirini. La pili ni makala yake juu ya ardhi ya kimila, ambayo haikufika mwisho. La tatu si maandishi ya kawaida: ni picha za simu, kurasa na kurasa za makala za wanafunzi zilizojaa penseli yake pembeni.

Mtu asiyemfahamu angedhani faili la tatu ni takataka. Ndilo lililogombaniwa kuliko mengine.

Jinsi alivyofanya kazi: makala haikupokelewa kwa kusomwa kimya. Mwandishi alikuja barazani kwake, akaketi, akaisoma kwa sauti kuanzia kichwa hadi tanbihi ya mwisho, wahariri wengine wakifuata kwenye nakala zao. Tanbihi nazo zilisomwa, namba, tarehe, ukurasa, nukta. Watu walichoka. Mama Profesa, mke wake, alikuwa akileta chai, na inapofika saa ya bukari (ugali) alikuwa akiuliza kama wale watoto wamepewa ruhusa ya kula.

Siku moja mwanafunzi alisoma sentensi iliyosema kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi ya mababu "zimepangwa na amri ya Rais, kufuatana na kifungu cha 389 cha sheria ya ardhi". Sheria hiyo ni ile namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu cha 387 kinaiingiza ardhi inayokaliwa na jamii za wenyeji katika milki ya Serikali. Cha 388 kinaeleza ni ardhi ipi: ile wanayoishi, wanayoilima au wanayoitumia kwa namna yoyote, mtu mmoja au kundi, kwa kufuata mila na desturi zao. Cha 389 kinasema haki za kuitumia ardhi hiyo zitapangwa na amri ya Rais.

Profesa aliweka penseli mezani. "Amri namba ngapi?"

Mwanafunzi akasema ataitafuta.

"Uliiona na macho, ao ulisikia tu?"

Alikuwa amesikia tu. Aliinakili kutoka katika memwari (tasnifu ya kumaliza masomo) ya mwaka uliotangulia, nayo ilinakili kutoka kwa nyingine. Basi walitumwa kwenye Gazeti Rasmi, mwaka baada ya mwaka, wakarudi mikono mitupu, kwa sababu amri hiyo haikuwahi kutolewa. Ahadi ya 1973 ilikaa zaidi ya miaka 40 bila kutimizwa. Humo ndani ya pengo hilo ndimo machifu, wanakijiji na makampuni ya migodi ya Katanga wanamogombea mashamba, maana cheti cha madini chini ya sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, ni kitu kimoja, na haki ya aliyelima juu ya udongo huo ni kitu kingine. Kitenzi kimoja kilichowekwa katika wakati usio wake, "zimepangwa" badala ya "zitapangwa", kilikuwa kimefuta mgogoro mzima. Profesa alilijua jibu tangu mwanzo. Angeweza kulisema akaokoa muda wa watu. Hakulisema, na mwanafunzi yule leo ni hakimu ambaye hapokei hati bila kuuliza namba.

Makala ya faili la pili ilizaliwa siku hiyo. Profesa aliamua kuandika mwenyewe juu ya kifungu cha 389, akaendelea kuiandika miaka kadhaa, akiiacha kila mara ili asome za wengine. Hapa niseme jambo ambalo hotuba za mazishi zililikwepa: mtu huyu alichapisha kidogo. Ukihesabu makala zenye jina lake utashangaa kwa nini anaheshimiwa hivi. Wenzake kitivoni walilisema hilo akiwa hai, wengine kwa dhihaka. Kazi yake imo ndani ya maandishi yenye majina ya watu wengine, na sheria ya hakimiliki haina sanduku la kuwekea kazi ya namna hiyo.

Alikuwa na sababu yake, na aliieleza mara nyingi mpaka tukaikariri. Mji huu ulikuwa na majarida ya sheria kabla haujawa na mwanasheria Mwafrika hata mmoja. Katika miaka ya 1920, ukiitwa Élisabethville, Chama cha Masomo ya Sheria cha Katanga kilikuwa kikitoa jarida la sheria la Kongo ya Kibelgiji. Tangu 1933 likaongezeka lingine, la hukumu za mahakama za wenyeji na sheria za mila, ambalo nyuma yake alikuwapo mwendesha mashtaka Antoine Sohier. Mila zetu ziliandikwa humo kwa bidii kubwa. Waliohariri walikuwa mahakimu na mawakili wa Kibelgiji. Sisi tulikuwamo kama wadai, washtakiwa na mashahidi. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960 nchi haikuwa na hakimu Mkongo aliyesomea sheria. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichokuwa Kinshasa, kilimtoa daktari wake wa kwanza Mkongo wa sheria mwaka 1961, naye ni Étienne Tshisekedi, baadaye kiongozi wa upinzani. Hata Lubumbashi, iliyokuwa na chuo kikuu tangu katikati ya miaka ya 1950, ilinyang'anywa masomo ya sheria mwaka 1971, vyuo vilipounganishwa na kitivo kupelekwa Kinshasa, kikarudi baadaye. "Sasa kalamu iko kwetu," alikuwa akisema, "halafu mnaniletea tanbihi ya kusikia?"

Turudi kwenye sahihi.

Wahariri walifikiri kwamba mwenye ruhusa ni Mama Profesa. Walimwendea, naye kwa wema wake akasema wachape chochote. Kesho yake kaka mkubwa wa marehemu alipiga simu: hakuna karatasi ya ndugu yake itakayotoka bila yeye. Wanafunzi walikasirika, wakamwona ni mzee wa kuleta mila mahali pa sheria. Niliwaambia wasome kwanza. Sheria ya Familia, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, nao wanapata robo tatu ya mirathi. Robo inayobaki ni ya daraja la pili: mwenzi aliyebaki, wazazi, na ndugu wa marehemu. Kwa hiyo yule mzee si mtu wa nje. Tena, pasipokuwa na wosia, kazi ya kusimamia mirathi inaangukia kwa mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Akijitoa, warithi wanamchagua mwingine. Mkubwa kuliko wote alikuwa nani? Yeye. Mzee alikuwa akisimama juu ya sheria iliyoandikwa, labda bila kujua.

Na wosia haukuwapo. Mtu aliyefundisha mirathi maisha yake yote.

Kilichosaidia ni heshima, si barua ya wakili. Mhariri mkuu, msichana wa mwaka wa mwisho, alikwenda kwa mzee na nakala ya kifungu mkononi, akamwambia: "Baba mkubwa, tulikosea njia. Sheria inasema mlango ni wewe, tumekuja kubisha." Mzee alimsikiliza, akauliza maswali mengi kuhusu bei ya jarida na nani anakula faida (hakuna faida, linauzwa kwa gharama ya karatasi), kisha akasema macho yake hayawezi tena kusoma karatasi ndogondogo. Alijitoa mbele ya familia, na warithi wakamchagua binti wa kwanza wa marehemu, muuguzi huko Likasi. Tangu hapo kulikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye, na mimi naona hatua hii ndiyo iliyookoa toleo zima.

Je, kuna nini cha kuombea ruhusa? Sheria-amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi, na Kongo imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1963. Mkataba huo unataja waziwazi mihadhara na hotuba miongoni mwa kazi zinazolindwa, na hautaki usajili wowote. Haki za kiuchumi zinaishi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Zaidi ya hapo, hata pale nchi inaporuhusu magazeti kunukuu mhadhara uliotolewa hadharani, haki ya kuikusanya mihadhara hiyo kuwa kitabu inabaki kwa mtunzi peke yake. Kwa hiyo silabusi ya vibandani ni kazi ya Profesa, hata kama vidole vilivyoipiga chapa ni vya wanafunzi. Kupiga chapa hakumfanyi mtu mtunzi. Majibu ya mitihani yaliyofungwa nyuma, hayo ni ya walioyaandika, pamoja na makosa yake.

Msaidizi wa Profesa, aliyerithi somo, alikuwa tayari ameshatoa silabusi mpya. Jina lake juu ya jalada kwa herufi kubwa. Jina la mwalimu wake ndani, ukurasa wa pili, "kwa kumbukumbu". Alipoulizwa alisema amesasisha sura ya mirathi kwa marekebisho ya 2016, na hilo ni kweli, sura hiyo ni yake na ni nzuri. Sura nyingine kumi na zaidi ni za mwalimu, hadi mifano ya mbuzi na ng'ombe. Sikumwona kuwa mwizi. Ni desturi ya vyuo vyetu: somo likibadilisha mwalimu, silabusi hubadilisha jina, na yeye Profesa alipokea ya kwake hivyohivyo kutoka kwa aliyemtangulia. Lakini Mkataba wa Berne unamwona mtunzi kuwa ni yule ambaye jina lake limewekwa juu ya kazi kama ilivyo kawaida, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Baada ya miaka michache nani angethibitisha? Binti alimwandikia barua fupi, ya adabu, na jalada likabadilika: jina la Profesa juu, la msaidizi chini yake kama aliyesasisha.

Makala isiyokwisha ndiyo iliyotupambanisha sisi wenyewe. Inasimama katikati ya sehemu ya nne, baada ya neno "kwa hiyo". Mhariri mkuu alitaka kuimalizia. Hoja yake haikuwa dhaifu: Profesa alikuwa amelieleza hitimisho barazani mbele ya watu wengi, na yeye mwenyewe alikuwa akiwaruhusu wahariri waandike upya aya ya mwisho ya makala ya mtu, mradi mwenyewe aisome. Nilimjibu kwamba maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito wote. Mwenyewe hawezi tena kusoma. Haki ya mtunzi kwamba kazi yake isibadilishwe haifi siku anayozikwa. Inahamia kwa waliobaki. Na msomaji wa Bukavu au Kisangani atakayenukuu hitimisho hilo mahakamani ataliweka kinywani mwa Profesa, wakati ni la mwanafunzi. Hiyo ni tanbihi ya kusikia, sasa imechapwa na sisi.

Tulibishana jioni nzima. Mwishowe makala ilichapwa hadi pale penye "kwa hiyo", bila nukta. Chini yake, baada ya mstari, wahariri waliweka maelezo yao wenyewe ya ukurasa mmoja, kwa majina yao, wakisema nini walisikia barazani na nani alikuwapo. Binafsi naona maelezo yale yana nguvu kuliko hitimisho lolote ambalo wangemwandikia.

Tanzia ilikuwa na safari yake. Rasimu ya kwanza ilikuwa na nguzo, taa, maktaba iliyoungua na mbuyu ulioanguka, yote katika aya mbili. Mhariri mmoja mdogo, wa mwaka wa pili, aliirudisha ikiwa na maneno ya penseli pembeni: "Nani kasema?" Ndiyo maneno ambayo Profesa aliyaandika kuliko mengine yote. Hakuna aliyecheka kwanza, kisha wote wakacheka. Nikawapa mfano wa Marcel Lihau, aliyekuwa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Kongo na mmoja wa walioandaa katiba ya 1964. Unaweza kumjazia ukurasa wa vyeo. Ukisema kwamba mwaka 1975 aliondolewa kazini baada ya kukataa kutumia adhabu kali dhidi ya wanafunzi walioandamana, umekwisha kumwonyesha.

Basi wakawaomba wahariri wa zamani kitu kimoja kila mmoja: jambo uliloliona, si unalolifikiri. Yaliyokuja hayakuwa matamu yote. Mmoja aliandika kwamba Profesa alirudisha toleo zima kutoka kwa mchapaji kwa sababu Sheria ya Familia ilikuwa imepewa tarehe ya 1988, na wanafunzi wakalipa mara mbili kutoka mifukoni mwao. Mwingine, mwanamke, alisema aliacha jarida akilia na hakurudi, na kwamba miaka baadaye Profesa alimpigia simu kumwuliza kama bado ana ile makala, kwa sababu ilikuwa nzuri na alipaswa kumwambia hivyo wakati ule. Mkuu wa kitivo alitaka hilo liondolewe. Binti wa marehemu alisema libaki. Alisema baba nyumbani alikuwa vilevile.

Zilibaki pambizo, yale maneno ya penseli ya faili la tatu. Hapa sheria ina mgawanyo ambao wanafunzi wengi hawaujui mpaka wakutane nao: karatasi ni ya mwanafunzi aliyeiandika makala, lakini maneno ya penseli ni ya aliyeyaandika, na leo ni ya warithi wake. Kuwa na barua ya mtu sandukuni hakukupi haki ya kuichapa. Na kuna upande mwingine, ambao naona ni mzito zaidi: ukichapa sahihisho, umechapa na kosa. Baadhi ya walioandika sentensi zile za aibu wana ofisi mjini na wateja mlangoni. Wahariri waliandika kwa kila mmoja. Wengi hawakujibu, wachache walikubali, na wa kwanza kukubali alikuwa yule hakimu wa kifungu cha 389, kwa sharti jina lake liwekwe.

Toleo lilitoka likiwa jembamba kuliko walivyotaka: tanzia, makala yenye "kwa hiyo", maelezo ya wahariri, na kurasa mbili za pambizo. Nakala ya kwanza ilipelekwa kwa baba mkubwa, ambaye alimwita mjukuu amsomee yote, tanbihi zikiwemo.

Vibanda vya fotokopi bado vinauza silabusi ya zamani, yenye majibu ya mitihani nyuma. Binti ameniuliza kama anaweza kuwashtaki. Anaweza, sheria-amri ya 1986 iko upande wake. Nimemshauri asiwafuate vijana wa vibanda, ambao wanapata faranga chache kwa ukurasa, bali akubaliane na kitivo litoke toleo moja lililosahihishwa, lenye bei ya mwanafunzi. Msaidizi amekubali kuisoma upya sura baada ya sura pamoja na wahariri, kwa sauti. Wamefika sura ya tatu.